Kutafautiana kwa Ndimi za Walimwengu na Udugu Ulio Baina Yake

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Aliyemuumba mwanadamu na kumfundisha kubainisha yaliyomo moyoni mwake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu Waislamu, katika Sura ya Ar-Rum, aya ya 22, Mwenyezi Mungu ametutajia kuumbwa kwa mbingu na ardhi, kisha akafuatisha kutafautiana kwa ndimi zetu na rangi zetu, na yote hayo akayahisabu katika ishara Zake. Mwisho wa aya hiyo ishara zenyewe zimeelekezwa kwa watu wenye elimu. Mbingu tunazitazama kila usiku, na ardhi tunailima kila msimu. Ama ndimi, twazisikia sokoni, kwenye basi na shuleni, lakini ni wachache miongoni mwetu wanaozitia akilini kama ishara. Wengi wetu tukisikia lugha tusiyoijua hucheka, au tukaiga sauti zake kwa mzaha. Leo basi tutaitazama ishara hii kwa jicho la elimu: lugha za walimwengu ni ngapi, wataalamu wanazigawa vipi, na sisi nyumbani mwetu tuna wajibu gani kwazo.

Ama idadi yake, lugha zinazosemwa duniani leo ni zaidi ya 7,000. Idadi kamili haiwezi kukatwa, kwa sababu mpaka wa lugha na lahaja haukuchorwa ardhini kama mpaka wa shamba. Kihindi na Kiurdu, kwa mfano, katika mazungumzo ya kila siku watu wake huelewana vyema, ila kimoja huandikwa kwa hati ya Devanagari na kingine kwa hati iliyotokana na ya Kiarabu, navyo huhisabiwa lugha mbili. Kwa upande mwingine, mtu wa Moroko na mtu wa Iraki, kila mmoja akishikilia lahaja ya mtaani kwake, huelewana kwa taabu, na juu ya hivyo wote wawili husema kwamba lugha yao ni Kiarabu.

Lugha hizo hazikugawanywa sawasawa juu ya uso wa ardhi. Bara la Afrika pekee lina lugha zipatazo 2,000. Nchi ya Papua New Guinea, ambayo watu wake ni yapata milioni kumi, ina lugha zaidi ya 800, nayo ndiyo inayoongoza dunia nzima. Baada yake yafuata Indonesia yenye lugha zaidi ya 700, kisha Nigeria yenye zaidi ya 500. Tanzania ina zaidi ya 120. Na hali ya kuwa lugha ni maelfu, zaidi ya nusu ya wanadamu wote lugha zao za kwanza hazizidi 23. Maana yake ni kwamba lugha nyingi mno zimo mikononi mwa watu wachache mno, na jambo hilo tutalirudia mbele.

Sasa, maelfu haya ya lugha hupangwaje? Njia iliyo kuu ni ile ya nasaba. Kama vile watu wanavyoulizana ukoo, ndivyo wataalamu wanavyouliza lugha fulani imezaliwa na ipi, na ndugu zake ni zipi. Lugha zilizotoka katika asili moja huitwa jamii ya lugha. Ziko jamii zaidi ya 140, na jamii sita zilizo kubwa peke yake zimebeba theluthi mbili za lugha zote za dunia. Hizo ni jamii ya Niger-Kongo, ambamo mna lugha zetu za Kibantu. Jamii ya Kiaustronesia, iliyoenea visiwani kutoka Madagaska mpaka bahari ya Pasifiki. Jamii ya Kisino-Tibeti, ambamo mna Kichina. Jamii ya Kihindi-Kiulaya. Jamii ya Kiafro-Asia, ambamo mna Kiarabu. Na jamii ya Trans-New Guinea. Ziko pia lugha zisizojulikana kuwa na ndugu yeyote duniani. Kibaski cha mipakani mwa Hispania na Ufaransa ni mojawapo, na Kiburushaski, wanachosema ndugu zetu wa bonde la Hunza kaskazini ya Pakistan, ni nyingine.

Huenda msikilizaji akauliza: udugu huo unathibitishwa kwa dalili gani? Kwani maneno mawili yaweza kufanana kwa bahati tu, au yakawa yameazimwa. Jawabu ni kwamba wataalamu hutazama mambo matatu.

La kwanza ni maneno ya msingi, yaani yale ambayo kaya yoyote haiwezi kuishi bila ya kuyatamka: viungo vya mwili, maji, moto, kula, kulala, kufa, na hisabu za mwanzo. Sisi twasema *kufa*. Waganda husema *okufa*, Wazulu *ukufa*, na Wanyarwanda *gupfa*. Sisi twasema *mtu*. Waganda na Wazulu wana *omuntu* na *umuntu*, Washona *munhu*, na wenye Kilingala *moto*. Kutoka Kampala mpaka Durban ni safari ya maelfu ya maili, nalo neno ni lile lile.

La pili ni kwamba tafauti zenyewe huwa na kanuni. Pale Kiswahili kinaposema *tatu*, Kigiriama husema *tahu*. Na pale tunaposema *moto*, Wagiriama husema *moho*. Sauti ya *t* imegeuka *h* kwa utaratibu maalumu. Hata ndani ya Kiswahili chetu kanuni hizi zimo. Mtu wa Unguja husema *njia*, *njaa*, *macho* na *mchele*. Mtu wa Mombasa au wa Lamu husema *ndia*, *ndaa*, *mato* na *mtele*. Mwenye kudhani kwamba mmoja wao amekosea hajaujua utaratibu huu. Kila mmoja amerithi matamshi yake kwa wazee wake, na njia zote mbili zimenyooka.

La tatu, na ndilo lenye nguvu zaidi, ni sarufi. Neno huazimwa upesi, lakini muundo wa lugha hauazimwi kwa urahisi. Na hapa ndipo tunapopata jawabu ya swali ambalo limewashughulisha watu wengi wa pwani: je, Kiswahili ni mtoto wa Kiarabu? Maneno ya Kiarabu katika lugha yetu ni mengi, na hayo ni fahari na baraka ya ujirani wa karne nyingi: *kitabu*, *habari*, *akili*, *dakika*, *sita*, *saba*, *tisa*. Lakini tazameni lile neno *kitabu* lilivyofanywa lilipoingia nyumbani kwetu. Waarabu wingi wake husema *kutub*. Sisi tumeichukua ile *ki* ya mwanzo, ambayo kwa Kiarabu ni sehemu ya shina la neno, tukaifanya ngeli, tukasema *vitabu*, kama *kiti* na *viti*. Mgeni amevishwa kanzu ya wenyeji. Ngeli zetu, viambishi vyetu, na mpango wetu wa kuunganisha vitenzi vyote ni vya Kibantu.

Hata katika hisabu, hayo maneno matatu ya Kiarabu yalikaa mahali pa maneno yaliyokuwepo. Kwa tisa wazee wetu walisema *kenda*, na neno hilo limo mpaka leo katika jina la Mijikenda, yaani miji tisa. Na siku saba za arusi twaziita *fungate*, neno lenye asili moja na *fungahe* ya Wagiriama, ambayo maana yake ni saba. Wataalamu wamekiweka Kiswahili katika kikundi kidogo kinachoitwa Sabaki, kwa jina la mto ulioko Kenya, pamoja na lugha za Mijikenda, Kipokomo, na lugha za visiwa vya Ngazija. Hao ndio ndugu wa tumbo moja. Basi mtu wa mjini anayemdharau Mgiriama kwa usemi wake amemdharau ndugu yake bila ya kujua.

Na ndugu wa Kiarabu ni nani? Wa karibu ni Kiebrania, Kiaramu, na lugha za Uhabeshi kama Kiamhara na Kitigrinya. *Ayn* ni jicho kwa Kiarabu, ni *ayin* kwa Kiebrania, na ni *ayn* kwa Kiamhara. Wa mbali zaidi ni Kihausa, lugha za Kiberiberi, na lugha za Kikushi kama Kisomali na Kioromo. Kwa Kiarabu *yaktubu* ni anaandika mwanamume, na *taktubu* ni anaandika mwanamke. Kwa Kisomali *yaqaan* ni anajua mwanamume, na *taqaan* ni anajua mwanamke. Ile *y* na ile *t* ni urithi wa zamani sana, kabla ya historia kuandikwa. Na katika tawi hilo la Kikushi wamo Wairaqw wa Mbulu na Karatu. Kwa hivyo mkulima wa Mbulu, ambaye pengine hajui hata harufi moja ya Kiarabu, lugha yake ina nasaba ya mbali na Kiarabu, kuliko Kiswahili chetu chenye maelfu ya maneno ya Kiarabu. Hivyo ndivyo elimu inavyozirekebisha dhana zetu.

Tusidhani pia kwamba dini moja au hati moja hufanya lugha kuwa ndugu. Kiajemi huandikwa kwa harufi za Kiarabu, lakini kwa nasaba ni Kihindi-Kiulaya, ndugu wa Kiingereza. Mwajemi humwita ndugu yake *baradar* na Mwingereza *brother*. Mama kwa Mwajemi ni *madar* na kwa Mwingereza *mother*. Kituruki ni cha jamii nyingine kabisa, na Kimalei ni cha Kiaustronesia, pamoja na Kimalagasi cha jirani zetu wa Madagaska, ambacho ndugu zake wa karibu wako kisiwani Borneo, ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Kinyume chake, Kimalta husemwa na watu walio Wakatoliki na huandikwa kwa hati ya Kilatini, nacho kimezaliwa na Kiarabu. Umma wa Kiislamu umekusanya takriban kila jamii kubwa ya lugha, na wote huelekea Kibla kimoja.

Ipo na njia ya pili ya kupanga lugha, ambayo haiulizi nasaba. Hiyo hutazama umbo. Kiswahili huweza kutia sentensi nzima ndani ya neno moja: *hatukuwaona*. Kituruki nacho huunga vipande hivyo hivyo: *evlerimizden*, maana yake kutoka nyumbani mwetu mbalimbali, ni neno moja tu. Kichina maneno yake hayaungwi namna hiyo, na hutegemea kupanda na kushuka kwa sauti kutenganisha maana. Lakini kufanana kwa Kiswahili na Kituruki katika hili si udugu; ni kama watu wawili wasiojuana waliojenga nyumba kwa ramani moja.

Huenda wanafunzi wetu wakadhani kwamba elimu hii yote imetoka Ulaya. Ni kweli kwamba William Jones, aliyekuwa hakimu Calcutta, mwaka 1786 alitangaza kwamba Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini zina asili moja. Na kwamba jina la Bantu kuwa jina la jamii ya lugha limeenezwa na Wilhelm Bleek, katika kitabu alichokitoa mwaka 1862. Lakini karne nyingi kabla yao, al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mzaliwa wa Oman aliyesomesha Basra katika karne ya 8, aliyapanga maneno ya Kiarabu katika kamusi kwa kufuata mahali sauti zinapotokea, akianzia kooni. Mwanafunzi wake Sibawayh, aliyekuwa Mwajemi, ndiye aliyetunga kitabu kikuu cha nahau ya Kiarabu. Ibn Hazm wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1064, aliandika kwamba Kiarabu, Kiebrania na Kisiria zilikuwa lugha moja zikaachana kwa watu wake kutawanyika. Na Mahmud al-Kashgari, katika miaka ya 1070, alizikusanya lahaja za Waturuki katika kamusi aliyoiandika Baghdad, akaeleza kwamba baadhi yao husema *men* na wengine *ben* kwa maana ya mimi. Hiyo ni kanuni ile ile ya *tatu* na *tahu*.

Katika Afrika, mpango unaojulikana zaidi ni wa Joseph Greenberg, aliouchapisha mwaka 1963, akizigawa lugha za bara hili mafungu manne: Niger-Kongo, Nilo-Sahara, Afro-Asia na Khoisan. Ajabu ni kwamba Tanzania ina mafungu yote manne. Wagogo na Wanyaturu ni Wabantu. Wamasai na Wabarbaig ni wa lugha za Kinilo. Wairaqw na Waburunge ni Wakushi. Na Wasandawe na Wahadzabe wana lugha zenye sauti za kualika kwa ulimi. Hili fungu la nne wataalamu wa leo wengi hawalikubali tena kuwa jamii moja; Kihadza wanakihisabu kuwa lugha ya peke yake isiyo na ndugu. Elimu husahihishwa namna hiyo kila dalili mpya inapopatikana.

Ndugu wasikilizaji, mpaka hapa tumeitazama ishara. Sasa tuutazame wajibu, kwani ishara hii inapungua mbele ya macho yetu. Zaidi ya lugha mbili katika kila tano zinazosemwa duniani ziko katika hatari ya kupotea. Lugha haifi siku ya vita tu. Mara nyingi hufa jikoni, siku mama anapoona haya kumsemesha mwanawe kwa lugha ya bibi yake.

Zingatieni habari ya Waubikhi. Hao walikuwa Waislamu wa Kaukasi, kando ya Bahari Nyeusi, wenye lugha iliyokuwa na konsonanti zaidi ya 80, hali ya kuwa irabu zake zilikuwa mbili tu. Mwaka 1864, baada ya kushindwa na majeshi ya Urusi, walihajiri kwa umma wao kwenda katika nchi ya Waturuki. Huko walipokewa, wakakaa pamoja na Waislamu wenzao, na watoto wakasema Kituruki na Kicherkesi. Hakuna aliyewakataza lugha yao kwa upanga; waliiacha kidogo kidogo. Mzee Tevfik Esenç alibaki kuwa wa mwisho kuijua barabara. Alikaa miaka mingi na wataalamu, miongoni mwao Georges Dumézil wa Ufaransa, akiwasomea maneno na hadithi ili ziandikwe. Alifariki tarehe 7 Oktoba 1992, na tangu siku hiyo hakuna aliyebaki wa kuisema lugha ile kama lugha yake. Na kwetu pia, Wayaaku wa Laikipia wamehamia Kimasai, na Waelmolo wa ziwa Turkana wamehamia Kisamburu.

Zingatieni na habari ya Bengali. Mwaka 1948 wakuu wa Pakistan walitangaza kwamba Kiurdu peke yake kitakuwa lugha ya taifa, ingawa zaidi ya nusu ya raia lugha yao ilikuwa Kibengali. Hoja ilikuwa umoja. Tarehe 21 Februari 1952, wanafunzi walioandamana mjini Dhaka walipigwa risasi, na baadhi yao wakafa. Muuaji na muuawa walikuwa wa Kibla kimoja. Kibengali kilikubaliwa katika katiba ya mwaka 1956, lakini kinyongo kilikwisha kuingia, na kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoipasua nchi ile mwaka 1971. UNESCO mwaka 1999 iliifanya tarehe hiyo kuwa siku ya kimataifa ya lugha ya mama. Funzo lake ni hili: umoja unaotafutwa kwa kumnyima mtu ulimi wake huzaa utengano.

Dini yetu haikuja hivyo. Tumefundishwa katika Sura ya Ibrahim kwamba kila mtume alitumwa kwa lugha ya watu wake, na katika Sura ya Al-Hujurat kwamba mataifa na makabila yamewekwa ili watu wajuane, na kwamba watu wasiwacheke watu wengine. Mtume wetu (S.A.W.) alimwamuru Zayd bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi, naye akajifunza. Salman alikuwa Mwajemi na Bilal alikuwa Mhabeshi, na hapana aliyewekwa nyuma kwa sababu ya asili ya ulimi wake.

Basi nyinyi wazee, wasemesheni watoto wenu kwa lugha ya nyumbani. Kiswahili watakipata barazani na shuleni, na Kiarabu chuoni. Kichwa cha mtoto hakijai kwa lugha tatu. Enyi wanafunzi, kaeni na bibi na babu zenu mwandike majina ya miti, ya samaki, ya pepo za bahari, kabla hayajaondoka pamoja nao. Enyi waalimu, msimpige mtoto wala kumtia aibu kwa kuteleza akasema kikwao. Na sisi sote, tukisikia lugha tusiyoijua, tuzuie kicheko, tuulize: hilo jambo kwenu mwaliitaje? Kwa swali hilo moja mtu huwa ameanza kuijua ishara, na kumjua aliyeibeba.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azihifadhi ndimi zetu na uwongo, dharau na matusi, na Atujaalie kuwa miongoni mwa wenye elimu ambao ishara Zake huwafaa. Amin.

Wabillahi taufiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.